Babu alipitiwa na mkunjo: kurasa za kati za muziki zilivyosomwa Bariadi

Picha pekee ya babu yangu iliyowahi kuchapwa gazetini ina mstari mweupe unaoshuka katikati ya uso wake. Si kovu, wala si kosa la kamera. Ni mkunjo wa karatasi.

Babu alikuwa manju, au ningi kama tunavyosema kwa Kisukuma: mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa kikundi cha ngoma katika vijiji vya nje ya Bariadi. Siku hiyo kikundi chake kilicheza mbele ya mgeni rasmi, mpiga picha akapiga, na gazeti moja ambalo sitalitaja likaitandaza picha hiyo juu ya kurasa zake mbili za kati. Watu kumi na watano wamesimama mstari mmoja. Saba wako kushoto, saba wako kulia, na babu katikati yao, kama ilivyo desturi ya kiongozi. Na katikati ndipo karatasi inapokunjwa. Maelezo ya chini yanasema tu kwamba wacheza ngoma walikuwa wakitumbuiza katika ziara ya mgeni. Mgeni ana jina, ana cheo, ana wilaya. Hawa kumi na watano ni “wacheza ngoma”, basi.

Mama aliitoa karatasi ile kwenye pini zake mbili, akainyoosha kwa pasi ya mkaa na kuitia kwenye sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki. Kila alipoikunjua kumwonyesha mgeni, wino ulibanduka kidogo pale kwenye mkunjo. Ndiyo maana leo babu ana jicho la kushoto na jicho la kulia, ila pua hana.

Nimeitazama karatasi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Makala hii ni jaribio la kujibu swali moja dogo: kwa nini mkunjo ulipita pale?

Ukuta wa kinyozi

Bariadi ya utotoni mwangu, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa mji wa wilaya ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu kama mkoa ilikuja kuzaliwa mwaka 2012. Magazeti ya Dar es Salaam yalitufikia kwa basi kupitia Mwanza na Lamadi, na mara nyingi gazeti la leo tulilisoma kesho. Hakuna aliyelalamika, maana habari ya msanii haichachi upesi.

Gazeti lilikuwa na maisha marefu. Kwanza alilisoma aliyelinunua, kisha jirani, kisha jirani wa jirani. Baadaye lilikwenda kwa kinyozi au fundi redio, kurasa za kati zikabandikwa ukutani kwa gundi ya uji wa unga, na zilizobaki zikafungia karanga. Kinyozi wetu alikuwa na kibanda cha mabati karibu na stendi. Ukimtazama kwa haraka ungedhani hana ukuta, ana magazeti tu. Alikuwapo Mr. II, alikuwapo Juma Nature, Lady Jaydee, baadaye Ray C. Katikati yao walibanwa wachezaji wa Simba na Yanga, na Tupac Shakur aliyetoka sijui jarida gani. Sisi watoto tulikaa kwenye benchi kusubiri zamu, tukausoma ukuta ule kuanzia juu hadi chini. Mwalimu wangu wa kwanza wa usanifu wa kurasa alikuwa ukuta huo, na sikujua kwamba nafundishwa.

Kurasa mbili za msanii zilikuwa na sura moja inayojulikana. Picha kubwa ilishika ukurasa wa kulia wote, mara nyingine ikavuka hadi kushoto. Msanii alikatwa kutoka kwenye mandhari yake, akabaki peke yake juu ya rangi tupu, nyekundu au ya manjano. Jina lake liliandikwa kwa herufi nene zenye kivuli, kubwa kuliko kichwa cha habari chenyewe. Maneno ya mahojiano yalijipanga kwenye safu mbili au tatu upande wa kushoto, na katikati ya safu ikachomekwa nukuu moja kali, kwa herufi za kupanda, ili asiyetaka kusoma yote apate cha kuondoka nacho. Na pembeni, chini, kilikuwapo kisanduku. Ewe msomaji wa rika langu, unakikumbuka kile kisanduku! Jina kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Ni wa ngapi katika familia. Chakula anachopenda. Rangi anayopenda. Tulikikariri kuliko hesabu za darasani.

Kwa nini zilikuwa za kati? Chukua jarida lolote lililofungwa kwa pini, ulifungue katikati. Hapo peke yake ndipo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika. Kwingine kote, ukurasa wa kushoto na wa kulia ni vipande vya karatasi mbili tofauti vilivyokutanishwa, na picha ikivuka lazima ipotee kidogo kwenye kizibo. Halafu kuna rangi. Rangi ilikuwa ghali, na magazeti mengi ya wakati ule yaliiweka mbele, nyuma na katikati, kwingine yakabaki meusi na meupe. Kwa hiyo kurasa za kati zilikuwa sebule ya gazeti. Anayeketishwa hapo ni mgeni wa heshima.

Nilipokua na kuanza kufanya kazi za kupanga kurasa, niliurudia ukuta wa kinyozi akilini na kujiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza nikiwa kwenye benchi. Katika mastaa wote wale, nani alipitiwa na mkunjo usoni? Sikumbuki hata mmoja. Mkunjo ulipita begani, ulipita kwenye mlango wa gari, kwenye gitaa, kwenye ukuta wa nyuma. Pini zilitoboa anga au suruali. Aliyepanga kurasa alikuwa ameisogeza picha vidole viwili kulia au kushoto ili kuuokoa uso.

Yaani walijua. Kuuepusha uso na mkunjo ni jambo la siku ya kwanza kazini. Walijua pia kwa picha ya babu, na hawakuisogeza, kwa sababu moja tu ninayoweza kuifikiria: hawakujua kwamba uso ule ni wa mtu wa kuokolewa. Walichoona ni mstari wa watu, na ukikata mstari katikati unapata nusu mbili zilizo sawa. Kwa macho ya mpangaji ilikuwa imekaa vizuri sana.

Uwanja wa mbina

Hapa inabidi nieleze namna sisi wenyewe tulivyozoea kupanga watu wawili mbele ya macho ya umati, kwa sababu tulikuwa na utaratibu huo kabla ya gazeti.

Ngoma za Usukumani zina pande mbili kubwa za ushindani, Wagika na Wagalu. Wagika humtaja Ngika kama mwanzilishi wao, Wagalu humtaja Gumha. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa na mtama uko ghalani, ndipo msimu wa mbina unapofika. Vikundi viwili hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Jaji ni umati. Watu wakiusikia wimbo wa upande ule umekolea, wanahama; wakiona upande huu wametoa nyoka, au fisi, au kituko kipya, wanarudi. Upande uliobaki na watu wengi umeshinda.

Kwangu mimi huo ndio maelezo bora ya kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto na kulia hazikai kwa amani. Zinagombania jicho moja. Wapangaji wakubwa wa majarida ya muziki duniani walilijua hilo. Rolling Stone, lililoanza San Francisco mwezi Novemba 1967 kwa karatasi ya gazeti na John Lennon mbele, lilipata sifa kubwa ya usanifu baadaye, chini ya Fred Woodward kuanzia mwaka 1987. Alikuwa na namna yake ya kufungua makala: ukurasa mmoja sura ya msanii, ukurasa wa pili herufi tupu za kichwa cha habari, zimejaa kama zinaimba. Sura upande huu, jina upande ule. Mzee yeyote wa Bariadi angeelewa mara moja kwamba hao ni Wagika na Wagalu.

David Carson wa jarida la Ray Gun alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1994 aliyaona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, akayapanga yote kwa fonti ya alama na vipicha, isiyosomeka hata neno moja. Wanafunzi wa usanifu husimuliwa kisa hicho kwa furaha. Mimi kilinikera nilipokisikia mara ya kwanza, na nadhani ni kwa sababu ya benchi la kinyozi. Gazeti lililosomwa na watu ishirini kabla ya kufungia karanga halina neno la kuchezea. Anayeweza kulitupa neno ni yule anayejua jarida la mwezi ujao litakuja, na kwamba jina la msanii limeshaandikwa kwingine mara mia.

Lakini kuna tofauti moja kati ya uwanja wa mbina na gazeti, nayo ndiyo iliyomponza babu. Uwanjani, hakuna asiyejua jina la ningi. Mtunzi wa Kisukuma hujitaja mwenyewe ndani ya wimbo wake: jina lake, la baba yake, kijiji chake, na mara nyingi jina la mpinzani anayemsuta. Jina limefumwa ndani ya kazi. Huwezi kuubeba wimbo ukaliacha jina. Picha haina utaratibu huo. Picha ni bubu, na jina lake linakaa nje, kwenye mstari mmoja wa herufi ndogo chini. Asiyeuliza jina pale uwanjani amelipoteza.

Jinsi ngoma ilivyopoteza mtunzi

Nisimwonee mpiga picha wa siku ile. Alikuwa anafuata desturi iliyokuwa na umri mkubwa kuliko yeye.

Tangu Mambo Leo, jarida la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923, kurasa za Kiswahili zilikuwa na heshima kubwa kwa mtunzi wa aina moja: mshairi. Shairi lilichapwa na jina la mtunzi wake na mahali alipo. Ngoma iliingia kama tukio, kitu kilichotokea sehemu fulani siku fulani. Ukitunga beti kwa kalamu wewe ni mtu. Ukizitunga kwa mdomo, mbele ya watu mia tano wanaozirudia, wewe ni sherehe.

Uhuru ulikuja na nia njema. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na moja ya malengo yake lilikuwa kuirudishia ngoma heshima iliyonyimwa na ukoloni. Ngoma ilipata heshima kweli. Iliitwa kwenye mapokezi ya viongozi, kwenye viwanja vya ndege, kwenye sherehe za kitaifa. Ila iliitwa kama mali ya wote. Jina lake jipya lilikuwa “ngoma ya asili”, na asili haina mtunzi. Mtu akiandika chini ya picha “ngoma ya asili ya Wasukuma”, anadhani ameshataja jina. Amelitaja kabila lenye watu wengi kuliko yote Tanzania, na hajamtaja hata mmoja wao.

Wakati huohuo muziki wa dansi ulikuwa na majina. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Marijani Rajab, huku karibu yetu Tabora Jazz na Shem Karenga: redio iliwataja, na mtu wa Bariadi aliwajua kwa sauti. Kwa sura je? Si sana. Santuri ndogo nyingi za Afrika Mashariki ziliuzwa ndani ya bahasha za kampuni, zisizo na picha ya mwanamuziki. Marehemu mjomba wangu alimpenda Mbaraka miaka yote na alikuja kuiona sura yake baada ya Mbaraka kufariki mwaka 1979. Redio ilitupa sauti na jina, na magazeti ya burudani ya miaka ya 1990, yalipofurika baada ya kulegezwa kwa vyombo binafsi, yakaongeza sura. Kwa babu na wenzake ilikuwa kinyume: gazeti lilitoa sura peke yake, bila sauti na bila jina.

Je, ni kwa sababu ya lugha? Kwamba Kisukuma hakiuzi Dar es Salaam? Kwa muda niliamini hivyo, hadi nilipomkumbuka Saida Karoli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 binti huyu wa Kagera aliimba kwa Kihaya, kwa mdundo wa ngoma za kwao, na nchi nzima ikaimba naye bila kuelewa nusu ya maneno. Alibandikwa kwa kinyozi wetu, uso mzima, bila mkunjo. Na Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyepiga ilimba na zeze na kuimba Kigogo, alipewa jalada lenye jina lake na kampuni ya Real World ya Uingereza, ile ya Peter Gabriel. Basi si lugha, wala si ngoma.

Walichokuwa nacho wawili hao ni kitu cha kuuza kwenye kibanda: kaseti au CD. Kaseti ina jalada, jalada linadai sura na jina, na msimamizi anayeitaka iuzwe huipeleka picha nzuri mwenyewe kwenye chumba cha habari. Kurasa za kati zilifuata kaseti. Ningi wa Bariadi alilipwa kwa ng'ombe, kwa pombe, kwa fedha ya kutunzwa uwanjani, na kwa sifa. Hakuwa na jalada. Kwa hiyo hakuwa na picha ya uso, na mpangaji aliyetafuta cha kujaza kurasa alipata mstari wa watu kumi na watano tu.

Nakala moja, darasa zima

Nilipokwenda sekondari nilikutana na kurasa za aina nyingine. Femina, ambalo baadaye liliitwa Fema, lilikuwa jarida la vijana lililoanzia mwaka 1999 na kugawiwa bure mashuleni. Nakala zilikuwa chache kuliko sisi, hivyo tulilisoma vichwa vitano juu ya meza moja. Kusoma namna hiyo kunakufundisha usanifu, maana aliye pembeni anaona ukurasa mmoja na aliye juu anauona kinyume.

Kilichonishangaza ni kwamba jarida lile lilimpa kijana wa kawaida sehemu aliyozoea kuketishwa staa. Wasanii wa Bongo Fleva walikuwamo, tena wengi, lakini ungefungua na kukuta mwanafunzi, mama lishe, fundi seremala, picha kubwa ya rangi, jina, mahali anapotoka, nukuu yake kwa herufi za kupanda. Mpangilio ulikuwa uleule wa ukuta wa kinyozi, aliyebadilika ni mtu. Rafiki yangu mmoja alinyamaza muda mrefu juu ya ukurasa wa namna hiyo, kisha akasema, “Huyu si mtu yeyote, lakini wamemuweka.” Sijasahau. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuelewa kwamba ukubwa wa picha hautoki kwenye umaarufu wa mtu. Kuna mtu ameketi mahali ameamua.

Jina na namba ya simu

Siku hizi ukishuka stendi ya Bariadi huhitaji ukuta wa kinyozi. Magazeti ya burudani yamepungua, na kurasa za kati zimehamia kwenye kioo cha simu. Lakini kabla ya simu kulikuwa na kipindi cha DVD, na kwa maoni yangu ndicho kipindi muhimu kuliko vyote katika historia ya usanifu wa muziki wa Kisukuma, ingawa hakuna anayekiita hivyo.

Waimbaji wa Kisukuma walianza kurekodi video zao wenyewe, na video ilidai jalada. Majalada yalitengenezwa steshenari, na kijana mwenye kompyuta moja na printa inayokwama. Msanii alikatwa na kubandikwa mara tatu kwenye jalada moja: amesimama, amekaa, amepanda pikipiki. Nyuma yake kundi la ng'ombe, au nyumba ya bati jipya, au bustani ya ughaibuni iliyochukuliwa intaneti. Jina lake juu, jekundu lenye ukingo wa manjano, limepinda kama upinde wa mvua. Na chini, kwa herufi karibu sawa na za jina, namba ya simu ya kumwalika harusini.

Wenzangu wa Dar huyacheka majalada hayo. Mimi huyaona yamelijibu swali la babu. Hakuna mkunjo usoni. Hakuna “wacheza ngoma”. Jina limerudi ndani ya kazi, kama lilivyokuwa kwenye wimbo, na hata ukiiba video huwezi kuliacha nyuma. Picha ndogo za YouTube za kina Bhudagala na wenzake zinafuata sheria hiyohiyo hadi leo: sura kubwa, jina kubwa, hakuna kisichosomeka hata kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Namba ya simu nayo ni maelezo ya picha yaliyo kamili kuliko yote. Inakuambia huyu ni nani, na pia kwamba yupo, mpigie.

Hata kwenye viwanja vya Nyakabindi, Nanenane ilipofanyika kitaifa hapa kwetu kuanzia mwaka 2018, niliona vikundi vya ngoma vikitumbuiza wageni rasmi kama zamani, na wapiga picha wakipiga mstari wa watu kama zamani. Tofauti ni kwamba kiongozi mmoja alipomaliza kucheza alimfuata mpiga picha na kumpa kikaratasi chenye jina lake. Nilitamani kumkumbatia mzee wa watu.

Kuipanga upya

Mwaka jana niliipiga picha karatasi ya mama, nikaifungua kwenye kompyuta, nikafanya kazi ambayo ingemchukua mpangaji wa wakati ule dakika mbili. Niliisogeza picha kulia. Mkunjo ukapita kati ya mchezaji wa sita na wa saba, kwenye upenyo wa vumbi kati ya mabega yao. Babu akakaa ukurasa wa kulia, mzima. Pua sikumrudishia. Ningeweza kuichora, ila isingekuwa yake.

Kisha nikaipeleka kwa mama. Aliitazama muda mrefu, akasema, “Sasa umemtoa katikati.” Nikajaribu kumweleza habari ya mkunjo. Akanikatiza: “Najua mkunjo ni nini, mwanangu. Nasema kiongozi anakaa katikati.” Nilibaki na karatasi mkononi. Kwa macho ya mpangaji nilikuwa nimeokoa uso. Kwa macho ya mbina nilikuwa nimemshusha cheo. Suluhisho sahihi, naliona sasa, lilikuwa kutoiweka picha ile juu ya kurasa mbili kabisa: ingekaa ukurasa mmoja, ndogo kidogo, yeye katikati na mzima. Lakini kwa hilo ungehitaji kumuuliza mtu anayejua mstari ule una maana gani.

Nilimuuliza mama kama babu mwenyewe aliumia alipoiona. Hapana, akasema, alicheka. Alisema gazeti litafungia karanga, wimbo wake haufungii kitu. Nilimpenda kwa jibu hilo, nikalala nalo siku kadhaa, na halafu likaanza kuniuma. Kwa sababu babu alikosea. Nyimbo zake hazikurekodiwa. Mama anakumbuka mbili na nusu. Mzee mmoja aliyecheza naye anakumbuka vipande vya nyingine tatu, lakini anabishana na mama kuhusu maneno. Karatasi iliyopaswa kufungia karanga ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo nikafanya kitu cha mwisho, kisicho cha usanifu. Nilichapa nakala kubwa ya picha ile, nikaenda nayo kijijini, nikakaa na mzee huyo chini ya mwembe na penseli. “Mwangaluka, guku.” Tukaanza kushoto. Huyu ni nani? Huyu alikuwa mtoto wa nani? Baadhi aliwatambua kwa uso, wengine kwa namna walivyoshika jembe la ngoma, na mmoja kwa miguu. Hadi jua linazama tulikuwa na majina kumi na moja. Wanne bado ni “wacheza ngoma”.

Majina hayo sijayaandika hapa. Familia nne zimenitaka ningoje hadi zikubaliane, na mama ana sharti lake pia: la babu lichapwe kwanza chini ya picha, pale lilipokosekana, siyo juu ya maneno yangu. Nimekubali. Nimeshaandaa ukurasa. Una picha moja, mstari wa maelezo wenye nafasi kumi na tano, na nne kati yake ziko wazi. Nikiwa na safari ya Bariadi huwa naubeba, na penseli.